Makochi ya Mama Adrian

Kabla sijawasha kompyuta huwa nafumba macho na kusali. Si sala ndefu. Namwomba Mungu anipe utulivu, umeme usikatike, na anikumbushe kufunga mabano. Mwalimu wetu wa jioni, Halidi, ni kijana wa umri wa binti yangu, na akinikuta katika hali hiyo husimama pembeni kwa adabu mpaka niseme amina. Baada ya hapo adabu huisha.

"Shikamoo, Mama Vailet."

"Marahaba, Mwalimu."

"Umeiombea?"

"Nimeiombea."

"Haya, tuiwashe tuone kama imepokelewa."

Darasa letu lipo ghorofani, juu ya duka la simu la baba yake Halidi, nyuma ya stendi ya Babati. Tunakutana jioni, watu wakishafunga kazi zao. Halidi hutuacha kidogo akaswali magharibi, nami katika muda huo husali fungu moja la rozari. Ibra, dereva wa bodaboda anayekaa meza ya jirani, husema darasa hili lina ulinzi kuliko benki. Mimi ni fundi cherehani wa Bonga na nilimaliza darasa la saba wakati Halidi hajazaliwa. Kompyuta nilipewa na binti yangu Vailet, anayefanya kazi Arusha. Alidhani nitasikilizia kwaya. Nikaenda kujiandikisha kujifunza kuandika programu, na mpaka leo akinipigia simu huuliza kwanza kama niko mzima.

Mwisho wa kozi Halidi alitaka kila mmoja wetu alete programu inayofanya kazi ya kweli kwa watu wa kweli. Mimi sikuwa na haja ya kutafuta mbali. Ndimi katibu wa jumuiya yetu ndogo ya Mtakatifu Monika, pale Bonga. Kila Jumamosi asubuhi tunasali nyumbani kwa mwanajumuiya mmoja, kwa zamu. Kupanga zamu hizo ndiyo kazi yangu, na ndiyo iliyonifundisha kusali kwa bidii. Huyu analalamika amepangwa siku ya mnada, yule analalamika amepangwa wakati wa palizi, na mwingine anasema nampendelea dada yangu. Nikasema, hii kazi ipewe kompyuta. Kompyuta haina dada.

Lakini kulikuwa na jambo lingine lililonisukuma, nalo halikuwa la kuchekesha.

Mzee Gidamanyega alihamia Bonga akitokea nyanda za Hanang, yeye na mkewe, Mama Zabron, pamoja na ng'ombe wao. Wamejenga kule mwisho, mashamba yanapoishia. Wote wawili walibatizwa, na tangu waingie jumuiya mzee hakosi Jumamosi. Hufika kabla ya wote, hukaa karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti. Lakini zamu ya kutupokea hakuwahi kupewa. Hakuna aliyemkatalia. Kila jina lake lilipokaribia, mmoja wetu alisema kwa moyo mzuri kabisa, "Tusimsumbue mzee, hana viti," tukaruka kwenda nyumba inayofuata, tukijiona tumemtendea wema.

Jumamosi moja, watu wakiwa wanatawanyika, alinisubiri nje ya uzio.

"Katibu," akasema, "mimi nimekunywa chai yako. Nimekunywa chai ya Hezekia. Ya mwenyekiti nimekunywa mpaka kikombe chenye ufa nakijua. Maziwa yangu amekunywa nani?"

Nikafungua daftari la zamu, nikalifunga.

"Mtu anakula kila boma, boma lake halina mtu anaingia. Huyo bado hajafika. Huyo anapita njia. Sasa kama mimi napita, basi nipite. Zamu mpya ikitoka na jina langu halimo, narudi Hanang na Mama Zabron na ng'ombe zangu."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya kuchanja mifugo, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Baba, safari hii utakuwemo," nikamwambia.

Nilikuwa sijamuuliza mtu yeyote.

Nikaanza programu yangu kwa ari. Halidi alikuwa ametufundisha kwamba unaweza kuandika aina ya kitu mara moja, kisha ukazalisha vitu vingi kutokana na aina hiyo. Hilo nililishika upesi, maana ndivyo ninavyofanya kazi: nakata paterni moja ya karatasi, natoa magauni ya kwaya nzima. Akatufundisha pia kwamba aina moja inaweza kuwa mzazi na nyingine mtoto, na mtoto hurithi kila alicho nacho mzazi bila kuandikiwa upya. Kwa mtu anayechapa kwa kidole kimoja, niliona hii ni baraka.

Nikahitaji nyumba ya kuwa mzazi, na kwetu Bonga nyumba ya mfano haitafutwi. Mwenyekiti wetu Josephina, ambaye wote tunamwita Mama Adrian, ana sebule ambayo watu husali wakiwa wameegemea. Nikaiandika nyumba yake kwa uangalifu: makochi, vitambaa vya kufuma juu ya makochi, chupa za chai, sahani ya maandazi, hata kapeti tunalovulia viatu. Kisha nyumba zote zilizobaki nikazifanya watoto wa nyumba hiyo. Ikapendeza. Ilikuwa fupi.

Halidi aliisoma akiwa ameinama nyuma yangu. Nikaona mabega yake yanaanza kutikisika.

"Mama Vailet, nyumbani kwako una makochi?"

"Nina benchi na viti vya plastiki."

"Programu inasema una makochi yenye vitambaa vya kufuma."

"Hayo ni ya Mama Adrian."

"Na huyu Mzee Hezekia?"

"Mhazini wetu. Ana viti vya mbao."

"Naye amerithi. Mama, jumuiya nzima mmerithi makochi ya mama wa watu, na mwenyewe bado yu hai!"

Ibra akalala juu ya meza kwa kucheka. "Mimi naoa Bonga," akasema. "Naingia na begi la nguo tu, makochi nayakuta."

Basi nikaanza kusahihisha nyumba moja moja. Kwangu nikaondoa makochi, nikaweka benchi. Kwa Hezekia nikaweka viti vya mbao. Kila mtoto nikawa namnyang'anya urithi na kumpa chake, na programu iliyokuwa fupi ikawa ndefu kama foleni ya kliniki. Nilipofika kwa Mzee Gidamanyega nikaandika ukweli: viti, sifuri.

Nikaiendesha. Majina yakaanza kutoka vizuri, nyumba baada ya nyumba, na moyo wangu ukaanza kuimba. Ilipofika kwa Gidamanyega ikakwama. Maandishi mekundu yakajaa kioo.

"Mwalimu, inasema nini?"

Halidi akasoma. "Inasema haiwezi kugawanya kwa sifuri. Hapa kwenye kazi ya kuketisha watu, umegawanya idadi ya watu kwa idadi ya viti."

"Ndiyo. Ili nijue watabanana wangapi kwenye kochi moja. Wanajumuiya wetu si wembamba."

"Sawa. Sasa kwa huyu mzee umeiambia igawanye watu kwa viti ambavyo havipo. Imeshindwa, imekaa chini. Andika kiti kimoja tu, ipite."

"Kiti hicho kiko wapi?"

"Cha kufikirika, Mama."

"Na atakikalia nani?"

"Watu wa kufikirika," Ibra akadakia.

"Mimi kompyuta hii nimeiombea," nikasema. "Siwezi kuanza kuidanganya."

Halidi akainua mikono kama mtu aliyesimamishwa na trafiki. Nilirudi nyumbani jina la mzee likiwa bado limekwama, na katika sala yangu ya jioni niliinung'unikia mashine ile mbele za Mungu. Nilitaka kusema ina roho mbaya. Lakini maneno hayakutoka, kwa sababu yale maandishi mekundu hayakusema neno geni. Yalisema hana viti. Tulikuwa tumesema hivyo sisi wenyewe, kila mwaka, tena kwa upole. Kompyuta ilikuwa imejifunza kwangu.

Kipindi kilichofuata Halidi aliandika neno moja kubwa ubaoni: ITIFAKI.

Ibra akasimama, akajikohoza kama mshereheshaji wa harusi. "Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu wanakamati, itifaki imezingatiwa!"

"Kaa chini, mheshimiwa. Hii ni itifaki nyingine." Halidi alinitazama mimi alipoendelea. "Itifaki haitengenezi kitu. Haina makochi, haina kapeti. Ni ahadi tu. Inasema: anayetaka kutumika mahali hapa, awe na uwezo wa kufanya kazi hizi na hizi. Atazifanyaje, shauri yake. Chukua mfano wa abiria anayetaka kwenda Maisaka. Anahitaji kitu kinachoweza kumpakia na kinachoweza kumshusha. Bodaboda inaweza. Bajaji inaweza. Basi linaweza. Abiria hamuulizi bajaji baba yake ni nani."

"Na punda?" Ibra akauliza.

"Anaweza kupakia?"

"Anaweza."

"Anaweza kushusha?"

"Anashusha hata asipoambiwa."

"Basi ametimiza. Ila wewe usije ukamrithisha tangi la mafuta, kama wenzako wanaorithisha makochi."

Niliwaacha wacheke. Mimi nilikuwa na swali. "Huyo punda, ni lazima ajitangaze kwanza? Aandikishwe kwamba yeye ni usafiri?"

"Katika itifaki hii, hapana. Hata kama aliandikwa kabla itifaki haijakuwepo. Hata kama hajui kwamba ipo. Kama kazi hizo anazo, tayari amekubalika."

Sikujua kwamba sentensi ya kompyuta inaweza kumfanya mtu atamani kupiga magoti. Nilijizuia, kwa kuwa Ibra alikuwa ananitazama.

"Kwa hiyo mwenyeji wa jumuiya si lazima awe mtoto wa nyumba ya Mama Adrian."

"Nani alikwambia ni lazima?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Sasa mwenyeji anatakiwa aweze kufanya nini? Hapo sina msaada, mimi si wa jumuiya yenu. Kaulizane na wenzako." Kisha Halidi akaacha utani kidogo. "Lakini ujue jambo moja, Mama. Ukishaiandika, programu itamwamini kila anayeitimiza. Haiendi kuchungulia ndani kwake. Kama kuna kazi ameahidi na hana, hutalijua hilo leo. Utalijua siku ya zamu yake, watu wakiwa wameshafika."

Tulikutana viongozi watatu nyumbani kwa Mama Adrian: yeye, Mzee Hezekia na mimi. Nilikaa kwenye kochi lile nililolisambaza Bonga nzima na nikaona haya kidogo. Nikawaeleza kwamba kompyuta inataka kujua mwenyeji ni mtu anayefanya nini.

"Kompyuta inataka kujua?" Mama Adrian akauliza. "Wiki iliyopita ilikuwa haijui hata kesho ni lini."

"Ilikuwa tarehe tu, nimeshairekebisha."

"Haya. Mwenyeji awe na sebule safi na viti vya kutosha."

"Hivyo ni vitu, Mama Adrian. Nauliza kazi. Anafanya nini?"

Akafikiri. Si mtu mbaya Mama Adrian. Makochi yale aliyachukua kidogo kidogo kwa fundi, na alisema tangu mwanzo ni kwa ajili ya kuwapumzisha wazee wa jumuiya.

"Anapokea watu," akasema. "Anawaketisha."

"Wapi?"

"Popote pa kukaa... Modesta, unanitega."

Aliponiita Modesta nilijua amekasirika kidogo, maana siku nyingine zote mimi ni Mama Vailet.

"Sikutegi. Naandika: anapokea na kuketisha. Kingine?"

"Neno lisomwe," akasema Hezekia. "Sala iongozwe. Na kingine, andika vizuri hicho: watu wasiondoke kinywa kikavu."

"Hicho lazima?" nikamtania.

"Hicho ndicho kinachonitoa kitandani Jumamosi."

Nikaandika kazi hizo, hizo tu. Nikawasomea. Kisha nikalitaja jina la Mzee Gidamanyega.

"Mzee yule hajui kusoma, wala mkewe," Mama Adrian akasema. "Neno litasomwa na nani?"

"Itifaki haisemi nani asome. Inasema lisomwe."

"Hiyo kompyuta yako imeanza kuwa wakili."

"Mwenyekiti, amesema jina lake lisipokuwemo anarudi Hanang."

Hapo Mama Adrian akanyoosha kitambaa cha mkono wa kochi ambacho kilikuwa kimenyooka tayari. "Hakuniambia mimi," akasema taratibu. "Anakunywa chai yangu kila zamu, hakuniambia." Kisha akajikaza. "Sawa. Aingie. Ila siku hiyo Neno lisiposomwa, wewe katibu ndiye utakayesimama mbele ya watu ueleze."

Jioni ile niliandika upya. Niliondoa urithi wote. Mama Adrian akabaki na makochi yake peke yake, nami nikabaki na benchi langu. Itifaki ya mwenyeji ikakaa juu, fupi, na kila nyumba ikaeleza kwa namna yake inavyofanya kazi zile. Kwenye kuketisha, kwa Mzee Gidamanyega niliandika: chini, kwenye ngozi. Hakukuwa na cha kugawanya. Nikaiendesha, na jina lake likatoka katikati ya majina mengine kwa herufi zile zile, bila rangi nyekundu. Ibra akapiga meza kama amefunga goli yeye.

Siku mbili tatu baadaye nilikwenda kumpelekea mzee habari. Alikuwa anapaka mafuta mkanda wa ngozi nje ya nyumba.

"Baba, zamu yako imetoka. Ni Jumamosi baada ya Hezekia."

Akaitikia kwa kichwa tu, lakini mkono wake uliacha kupaka.

"Utaweza kutupokea?"

"Nitaweza."

"Na Neno litasomwa?"

"Litasomwa."

"Na nani, Baba?"

Akanitazama kwa macho yenye utani. "Katibu. Umesema lisomwe, ama umesema na nani?"

Maneno yangu mwenyewe, niliyomwambia Mama Adrian, na yeye hakuwepo! Nikaondoka nimeshindwa. Njia nzima nilikuwa namkumbuka Halidi na lile onyo lake kwamba programu haichungulii ndani. Programu haina presha. Mimi ninayo. Nilisali kila asubuhi mpaka siku yenyewe, na sala yangu ilikuwa moja: Bwana, nisaidie nisimwulize tena.

Jumamosi hiyo tulitembea hadi mwisho wa mashamba tukiwa kundi. Mbele ya nyumba palikuwa pamefagiwa mpaka ardhi inang'aa, na ngozi za ng'ombe zimetandazwa chini ya kivuli cha ukuta. Mama Zabron alitupokea na ndoo ya maji ya kunawa. Mzee alikuwa amesimama mlangoni kwake, si karibu na mlango wa mtu mwingine, na nilitambua kwamba sikuwahi kumwona jinsi alivyo mrefu.

Watu walikaa. Mama Adrian alizunguka ngozi yake mara kadhaa kama mtu anayetafuta pa kuingilia, kisha akashuka kwa hatua, goti moja, la pili, mkono kwenye bega langu.

"Karibu, mwenyekiti," Mzee Gidamanyega akasema. "Hiyo kiti haianguki. Iko chini tayari."

Mama Adrian alitaka kununa, akashindwa.

Tukaimba. Ukafika wakati wa Neno. Mama Adrian akanigeukia kwa jicho la mwenyekiti. Mzee akaingia ndani, akatoka na redio ndogo ya kutumia kadi, ile inayouzwa pale stendi, akaiweka juu ya debe, akabonyeza. Sauti ya mwanamume ikaanza kusoma, polepole, vizuri sana, kwa Kibarbaig, lugha ya kwao mzee.

Tulitazamana. Hakuna aliyeelewa hata neno moja. Hezekia alikuwa ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu asiyejua aitikie wapi. Mimi nilikuwa nahesabu kazi kichwani: Neno lisomwe. Linasomwa. Hatukuandika lugha. Si mimi, si Mama Adrian, wala si Hezekia aliyefikiria kuandika lugha.

"Katibu," Mama Adrian akaninong'oneza, "simama ueleze."

"Subiri kidogo, Mama Adrian."

"Sisikii kitu."

"Unasikia. Huelewi."

Nilisema hivyo kwa kujitetea tu, lakini nilipokwisha kusema nilimwona Mama Zabron. Alikuwa ameweka vibuyu vya maziwa chini. Alikuwa anasikiliza kwa mwili wote, midomo ikifuata maneno, na mahali fulani akacheka peke yake, kicheko kifupi cha mtu aliyeelewa jambo. Katika Jumamosi zote alizokaa nasi sikuwahi kumsikia akicheka kwenye somo. Mama Adrian naye alimwona. Hakuninong'oneza tena.

Redio ilipomaliza, mzee akaizima.

"Sasa mmekaa kama mimi nakaa kwenu," akasema, bila ubaya wowote. "Inachosha mgongo, eh?"

Kicheko kilianza kwa Hezekia kikaenea ngozi zote.

"Lakini mgeni haachwi hivyo. Nawaambia imesema nini. Mtu wa shamba alienda kupanda mbegu. Ingine ikaanguka njiani, ndege wakakula. Ingine kwenye mawe, jua likaichoma. Ingine ikaingia kwenye miiba. Ingine ikaanguka udongo mzuri, ikazaa sana." Akaegemea fimbo. "Mimi hii habari nimeipenda tangu siku ya kwanza. Mtu wa shamba amepoteza mbegu mara tatu, na hakuna mahali amesema ni ng'ombe ya Gidamanyega."

Jamani! Hezekia, ambaye shamba lake linapakana na malisho yale na ambaye ameshapiga kelele mara nyingi juu ya mahindi yake, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia. "Mwaka huu nitalaumu ndege," akasema. "Nakuahidi, mzee, nitaanza na ndege."

Sala aliiongoza Mama Zabron kwa lugha yake, na tulisema amina kila alipovuta pumzi, mara nyingine mapema mno, naye akatusubiri kama Halidi anavyonisubiri mimi. Kisha maziwa yakaja, ya kibuyu kilichofukizwa moshi, mazito, katika vikombe vya bati. Mama Adrian alionja kwa tahadhari. Akaonja tena. Alipokishusha kikombe kilikuwa kitupu.

"Hiki cha kwangu hakina ufa," akamwambia mzee.

Mzee akanitazama mimi kwa lawama, nikatazama pembeni. Kumbe yale ya nje ya uzio yalikuwa yamemfikia Mama Adrian.

"Cha kwako nimekichagua, mwenyekiti."

Kuinuka ndiko kulikokuwa kazi. Tulimshika Mama Adrian mikono, Hezekia huku, mimi kule, na ngozi ikamfuata kidogo kabla ya kumwachia. Alisimama, akajipangusa vumbi kwenye kitenge, akashukuru kwa niaba ya jumuiya, kwa ufupi. Mama Adrian hajawahi kushukuru kwa ufupi.

Watu walipoanza kutawanyika nilibaki nyuma. Nilitaka kumuuliza kuhusu Hanang na sikujua nianzie wapi. Nikamwomba Mungu anipe neno. Hakunipa. Nadhani aliona halihitajiki, kwa sababu mzee alianza mwenyewe.

"Katibu. Hiyo kompyuta inasema zamu yangu ingine ni lini?"

"Mpaka mzunguko wote uishe, Baba. Itakuwa mwakani, wakati kama huu."

"Mwakani," akarudia. Akageuka akamwambia mkewe kwa Kibarbaig, na Mama Zabron akajibu kwa maneno mengi, akionyesha kwa mkono ule mchanga mkavu mbele ya nyumba, kisha njia ambayo Mama Adrian alikuwa akiishia, bado akipangusa kitenge.

"Anasema nini?"

"Anasema kama ni hivyo mvua ikinyesha nipande majani hapa mbele," mzee akasema, akiinama kukunja ngozi. "Yawe laini. Mwakani mwenyekiti asipate tabu kukaa."